Kumi na Moja

Kabla hajapanda pikapu ya viazi kushuka Mbale,
mkono mmoja nyongani, mwingine ukinisukuma nisimsaidie,
Yapkwobei hakuniusia shamba.
Ng'ombe hakumtaja.
"Kuku wangu ni kumi na moja," alisema.
"Na Januari hii baridi haina adabu."

Nilicheka. Kuku kazaliwa na koti,
mimi langu nililinunua mtumba, Kapchorwa,
na kifungo kimoja hakipo.

Lakini huku Benet, juu ya pale barabara inapokata tamaa,
usiku ulio mzuri ndio usiku mbaya:
mbingu imejaa nyota, haina blanketi.
Alfajiri majani yanavunjika chini ya gambuti.
Maji ya kuku yameota kioo.
Nakipasua kwa kisigino,
namimina ya moto kutoka birikani,
chai yangu inabaki nusu kikombe.

Usiku wa tatu nikasema, basi, nitawaonyesha wema.
Nikaziba kila tundu: magunia, turubai,
udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe,
hata ule mwanya chini ya paa
alioniachia, nami miaka yote nikidhani ni uvivu.
Nikaingiza jiko la makaa.
Nikalala usingizi wa mtu aliyetoa sadaka.

Asubuhi mlango uliponifungukia
ilitoka pumzi nzito, moshi na mkojo,
macho yakanichonyota.
Deni alikuwa chini ya kichanja, ubavu kwa ubavu na dada yake,
bila jeraha, bila unyoya uliokwenda upande.
(Deni, kwa sababu alinunuliwa kwa pesa ya kukopa,
akailipa mwenyewe, yai kwa yai.)
Tisa walitoka wakikohoa.

Sukuku, mwanangu, wa darasa la tatu,
alisimama na begi lake la shule mgongoni.
"Mama huacha pale juu," akasema, "wapumue."
Hakusema zaidi. Akaenda shule.

Nikachukua panga nikaurudisha mwanya,
upana wa kiganja.
Nikaenda kwa seremala kuomba maranda,
nikayamwaga sakafuni mpaka kifundo cha mguu,
makavu, makavu kabisa,
maana nimejifunza: kinachoua si baridi pekee,
ni baridi iliyolowa.
Kichanja nikakitengeneza kwa ubao mpana
ili kuku akilala avikalie vidole vyake.
Jogoo nikampaka samli kwenye undu;
alinitazama kama mtu anayepakwa mafuta na adui.
Na yule kishingo, aliyeumbwa kwa nchi ya joto
akaletwa huku bila kuulizwa,
nikamkatia shingo ya soksi yangu nyekundu.
Wenzake walimdonoa siku mbili, kisha wakazoea.

Jioni nawapa mahindi makavu.
Si ukarimu. Firigisi ni kinu,
kikisaga usiku kucha, mwenye nyumba hapoi.

Simu hushika mtandao juu ya jiwe la Musobo tu.
Nikapanda, masikio yakiniuma.
"Mguu unaendeleaje?"
"Wamenifunga chuma. Kuku wangapi?"
"Kumi na moja."
Upepo ukapita kati ya Mbale na mimi.
"Deni anataga?"
Nikasema mtandao unakatika.
Nikasema Sukuku ana kiatu kilichotoboka.
Nikasema viazi vya chini vimeungua na sakitu.

Akanyamaza, nikasikia muuguzi anasukuma kitanda.
Halafu, polepole, sauti ile aliyoniambia nayo
zamani kwamba mtoto wa kwanza hakukaa:
"Paa usilizibe, baba Sukuku.
Ziba mlango. Paa liache."

"Nimeliacha," nikasema.

Nilikaa pale mpaka simu ikazima yenyewe.
Chini, kwenye giza, hakuna kilicholia.
Tisa walikuwa wanasaga.